Kabla ya Kuingia Chini

Gari la Othieno lilifika Tororo likiburuza tumbo.
Kila tuta tangu Iganga lilidai ushuru wake:
hapa rangi, pale skrubu, Busitema nusu ya bampa.
Jekundu, la milango miwili, kuukuu la Kijapani,
chini yake hata kuku hupita kwa kusujudu.
Na ekzosi imening'inia, inagonga kama mdai.

"Niletee matofali," akasema mdogo wangu, akivua shati.
Tofali, nikamwambia, halipasuki kwa kuaga.
Muulize Emojong, fundi baiskeli wa njia ya Malaba,
mkono wake wa kulia uko wapi.
Hakujibu. Akavaa shati tena.

Mimi nilikula miaka sita gereji ya kiwanda cha saruji,
kucha zangu hazijatakata mpaka leo.
Basi nikashika usukani wa mambo.

Ua wetu ni maramu, tena umeinamia chooni;
jeki ingezama humo kama kijiko ndani ya uji.
Tukalisogeza hadi sakafuni, mama anapoanika mtama,
mama akakusanya mtama wake kwa ungo, akinung'unika
kwamba gari gani hili, halina hata miguu.
Nikaleta mbao mbili za mvule, masalia ya kitanda cha baba,
unene wa vidole vitatu, ncha nimezichonga mshazari.
Nikasimama pembeni, kiganja hewani:
njoo, njoo, njoo kidogo. Basi.
Magurudumu ya mbele yakapanda vidole vitatu tu,
na jeki ikapita
kama mkwe anayeinamia mlango mfupi.

Breki ya mkono. Gia ya kwanza.
Mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma,
maana gari halina ukoo, huenda na mteremko wowote.

"Tuinulie wapi?"
Nikalala ubavu na tochi ya simu.
Si kwenye sampo, utakunywa oili.
Si pale kwenye kutu, pamekuwa biskuti.
Hapa, chuma kinene kinachokatiza toka upande hadi upande;
nikatandika kipande cha tairi juu ya jeki kisiteleze.

Pampu. Tulia. Sikiliza. Pampu.
Gari likainua pua kuelekea Mwamba,
likanusa vumbi la saruji linalonyesha kila jioni.
Stendi mbili tuliazima kwa Nambozo, mwenye lori,
tukazipachika kulia na kushoto,
tukalishusha polepole mpaka likakaa, likaguna.
Nikalisukuma kwa nyonga,
nikalitikisa kama jino la mtoto.
Likitaka kuanguka, lianguke sasa,
wakati chini hakuna mwenye jina.

Mpira wa majani ya mgomba ukabingirika ukaingia.
Nyachwo, mwana wa jirani, magoti tayari yako chini.
Nikamdaka kwa gauni, gauni likaraua.
Na palepale jeki, tuliyoiacha ikigusa tu,
ikashusha pumzi.
Mafuta yakachora ulimi mweusi sakafuni,
shingo yake ikazama, ikazama, bila kelele;
hata mbwa hakuinua sikio.

Gari halikusogea.
Stendi za Nambozo zilisimama
kama watu waliokwisha kulipwa.

Othieno akatazama matofali ukutani mwa jiko.
Akayahesabu kwa kidole, sijui kwa nini.
Yalikuwa manne.

Mpira tuliuchokoa kwa fito la ufagio.
Mama akamshonea mtoto gauni, bila maneno.
Nikachomeka magogo mawili zaidi chini ya fremu,
nikalitikisa tena, mara tatu,
ndipo mdogo wangu akaingia na spana namba kumi na nne,
miguu tu ikabaki nje, soksi moja imetoboka.

Nikaketi juu ya debe
nikiitazama miguu ile
mpaka ikatoka.