Tena

Jumanne, saa moja na nusu jioni, Llanelli.
Ukumbi wa kanisa unanuka chai na makoti yaliyolowa.
Bi. Menna Prosser anabonyeza kinanda kwa kidole kimoja,
nami namfuata, sauti kwa sauti,
kama mtu apandaye gizani ngazi za nyumba ya watu.
So. La.
Kwenye ti sauti inakwama,
mlango uliovimba kwa mvua.

Hakuuliza. Kovu la shingoni lilimtosha.

Usangi nilikuwa sauti ya kwanza.
Walinisifu: sauti ya kumtoa nyoka pangoni.
Basi nyoka alitoka.
Rovu lilikatwa, nikashonwa nyuzi saba,
nilipozinduka alikwisha kwenda zake nayo.

"Sasa tushuke."
Tukashuka. Do ya katikati, ti, la, so,
tukapapita pale sauti ya pili huaga na kurudi kwao,
fa, mi,
na huko chini palikuwa na chumba,
kina joto, kina kiti,
miaka hamsini na mbili naishi juu yake
sijawahi kushusha taa.

Akaandika jina langu, Namsifu, na mbele yake neno moja,
akalisoma kwa sauti: "Tena."
Nikavuta pumzi, nikaanza upya kutoka do.
Wakacheka, si kwa ubaya.
Tena ni kule, wakaonyesha,
safu ya tatu, wazee watano wa kiume
na kiti kitupu chenye mwavuli wa mtu.

Idwal akauondoa mwavuli wake.
Akasogeza kitabu katikati yetu:
maneno ya Kiwelisi, marefu, sikujua hata moja,
lakini juu yake d, r, m, nukta mbili, kistari,
zile zile za chaki ya Mwalimu Mndeme
ubaoni, Ijumaa mchana, tukiwa na njaa.
Kidole changu kikatangulia cha Idwal.
Akaniangalia. Akakigeuza kitabu kidogo upande wangu.

Soprano wamepewa dirisha.
Besi wananguruma kama friji la jikoni,
huwasikii mpaka wanyamaze.

Usiku dada akapiga simu.
"Siku hizi unaimba ya ngapi?"
"Tena."
"Unaimba tena?"
Nilikuwa kituoni, mvua ya Llanelli inanyesha kwa ubavu,
nikasema ndiyo,
kwa ile sauti ya chini,
naye akauliza nani huyo mwanamume aliyeshika simu yangu.