Mwaka wa Ng'ombe Kulamba Mawe

Nilipewa kanda saba na daftari jipya,
nikaambiwa: andika kila neno, na tarehe pembeni.
Okakarara, mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio.

Mama Uapingene hana tarehe.
Ana miaka yenye majina, kama wanawe:
Mwaka wa Ndui ya Pili. Mwaka wa Nzige Waliokula Kofia.
Mwaka wa Ng'ombe Kulamba Mawe,
na hapo anasita, anakohoa, kanda inazunguka bure.

Mwanzoni nilikiruka kikohozi.
Kanda ya nne kikarudi palepale,
ya sita, palepale:
baada ya jina la kisima, kabla ya jina la babu.
Nikamwuliza. Akanyoosha kilemba chake cha pembe mbili.
"Hapo pana watu. Hawakupata wa kuwazika.
Sina ruhusa ya kuwataja,
wala sina ruhusa ya kuwaruka."

Ng'ambo ya mto mkavu binamu yake, Tjiuree, ana yake:
fahali alikuwa mwekundu, madoadoa ya wapi!
kisima walikifukia wenyewe, usiku, kwa mikono.
Mtaalamu wa mjini akapiga mstari: *Zinapingana.*
Hakusikia kwamba Tjiuree naye, akifika hapo,
hufungua kikopo cha ugoro
na kukifunga bila kuvuta.

Nikapanda basi hadi Windhoek, nyumba ya nyaraka.
Glavu nyeupe, penseli tupu, mlinzi anayetazama viganja.
Shajara ya mmisionari, mwaka uleule kwa hesabu yangu ya vidole:
*Joto. Hakuna jambo. Farasi mmoja amelemaa mguu.*
Nikafunua. Ukurasa unaofuata haupo,
umekatwa kwa wembe, kwa adabu, karibu na uzi.
Nilipitisha kidole kwenye kovu lile
hadi mlinzi akakohoa.

Sasa ni usiku, taa ya mafuta, daftari limejaa.
Ng'ombe nimewaandika wote, kwa rangi zote mbili.
Kisima nimekifukia mara mbili, kama nilivyosimuliwa.
Na pembeni, palipoachwa kwa ajili ya tarehe,
nimeandika: *hapa anakohoa.*

Mhariri amelirudisha. Duara jekundu.
Anauliza kama kikohozi ni chanzo,
na kama ni chanzo, kina urefu gani.

Sekunde kumi na moja, nimemjibu.
Kwenye kanda ya sita, kumi na nne.