Kutoka Kuusamo na Magogo

Februari ile nilikijua kila choo
kati ya Kuusamo na Oulu:
cha kituo cha mafuta chenye bomba lililoganda,
cha mgahawa wa yule mama asiyetabasamu,
na pasipokuwa na choo
palikuwa na msonobari, theluji magotini,
na mimi, lori la magogo likiunguruma nyuma yangu,
nikisubiri tone.

Tone. Kisha jingine, kwa shingo upande.
Moto chini ya kitovu, moto nyuma ya korodani,
digrii thelathini chini ya sifuri
na mwanamume anaungua.

Nilisema ni baridi. Nilisema ni kahawa.
Nilisema ni kiti, nikanunua mto.
Usiku nikalitamka, peke yangu, lile neno jingine,
lililomchukua baba,
wala sikulirudia.

Jumamosi tulikaa saunani, wanaume wanne,
Ahti akimwagia mawe maji.
Jasho likitudondoka puani,
tukazungumzia bei ya dizeli.
Mficha uchi hazai;
sisi uchi tuliuanika juu ya ubao,
na bado tulikuwa tumejificha.

"Umetoka mara tatu," Ahti akayaambia mawe.
Nikasema kahawa.
"Mimi mwaka juzi nilitoka mara tano."
Akamwaga tena, mvuke ukatufunika nyuso.
Hayo tu. Kwa Ahti, hiyo ni hotuba.

Daktari Moilanen alikuwa na vidole vyembamba
na maswali ambayo hata Kaarina, mke wangu,
hajawahi kuniuliza.
Geukia ukutani, vuta pumzi.
Ukutani kulikuwa na kalenda ya benki.
Niliisoma Machi nzima, tarehe kwa tarehe.

"Tezi dume," akasema, akinawa.
"Ndogo, kama kiazi kipya cha Juni,
imeukumbatia mrija wa mkojo chini ya kibofu.
Yako imevimba, inauma. Tupime mkojo,
tuone kama kuna bakteria."
Kisha, bila mimi kulitaja lile neno:
"Huu ni uvimbe wa maambukizi, sioni dalili ya saratani.
Damu tutapima ukishapoa. Leo ingetudanganya."

Bakteria walikuwepo.
Vidonge, wiki nne, asubuhi na jioni.
Siku ya sita maumivu yakanipa kisogo
nikataka kuviacha;
Kaarina akalisukuma kopo mezani, kimya,
hadi likagusa kikombe changu.

Ahti yeye hakukutwa na bakteria.
Vidonge havikumfaa kitu.
Alilala chali sakafuni kwa mtaalamu wa viungo
miezi saba, akijifunza kulegeza
misuli ya nyonga aliyoikaza, bila kujua,
tangu talaka.
Bado kuna siku humrudia, anasema.
Siku hizo huoga maji ya moto na hapigi simu.

Sasa nasimamisha lori kila baada ya saa moja na nusu.
Nalizunguka, nagonga magogo kwa ngumi,
madereva wengine wananipigia honi.
Damu watapima Mei, barafu ikishavunjika mtoni.
Matokeo siyajui, wala sitajifanya nayajua.

Lakini jana, karibu na Pudasjärvi,
penye msonobari uleule,
ulikuja bila kubembelezwa, mwingi, wa manjano,
nikaandika kwenye theluji V ya Veijo,
na E,
na nusu ya I.