Ukungu wa Julai

Nilinunua baga Moi Avenue, Jumamosi ya mwisho ya Mei,
na chipsi, na soda ya machungwa,
kwa kuwa Nthenya alikuwa anatimiza miaka tisa
na mama yake alikuwa ameniahidi saa nane.

Saa nane ikawa saa kumi.
Saa kumi ikawa ujumbe: leo haitawezekana.
Chipsi nikala mwenyewe, baridi, nimesimama.
Soda nikampa Barasa wa getini.
Baga nikaingia nayo zamu ya usiku,
nikaitia kabatini chini ya koti la mvua,
nikageuza ufunguo.

Mimi ni mtu wa chumba cha maiti.
Kazi yangu, ukiivua majina marefu,
ni kuwaombea wafu siku chache zaidi:
wiki moja mpaka mchango utimie,
wiki mbili mpaka kaka atue kutoka Doha,
miezi, watu wakigombana mahakamani
nani mjane na nani mgeni.
Fomalini naijua kama muuza samaki ajuavyo magamba.
Huingia kwenye kucha.

Kisha likizo, Makueni, zizi la kukarabati.
Niliporudi, Nairobi ilikuwa ndani ya ukungu.
Ukungu Ngong Road, magari yakipapasa.
Ukungu kwenye dari ya chumba changu Kayole,
ukungu kwenye viatu vyangu vya kanisani,
wa kijivu, wenye manyoya kama kifaranga.
Nikafungua kabati nimejibana pua.

Baga ilikuwa pale.
Mkate mviringo, ufuta wote unahesabika,
nyama imejikunja kidogo pembeni
kama mtu aliyesikia baridi usingizini.
Letusi tu ndiyo iliyokufa.
Sisimizi walikuwa wamechora njia ukutani
kutoka dirishani hadi kwenye sukari ya Kerubo,
na walipofika kwenye boksi
walipinda kona, kwa adabu,
kama wapitao matanga ya watu wasiowajua.

Nikasema: huyu ni mteja wangu.
Nikainusa. Sikupata fomalini.
Nilipata kitunguu, kwa mbali, na karatasi.

Kerubo wa maabara akaigonga kwa kalamu, ikalia ko.
"Hakuna maajabu, Musyimi.
Nyama nyembamba, chumvi nyingi,
imekauka kabla ukungu haujavaa viatu.
Hata omena wa Gikomba ni hivyohivyo."
Na mkate?
"Mkate, ndiyo, wanautia kitu.
Huwa wameandika, herufi za kusoma kwa darubini."
Akaiosha ile kalamu, mara mbili.

Nilimfikiria omena njia nzima.
Omena ana macho, anakuambia alikuwa nani.
Nikafikiria muthokoi wa mama,
asubuhi uko jikoni, jioni umeanza kuchacha,
naye anatuita sote sita kwa hasira,
jina moja moja, mpaka majirani wanaitika,
kwa kuwa chakula hakingoji mtu.
Tulikuja mbio.

Ndani ya boksi kulikuwa na risiti.
Nilitaka kuiona ile tarehe.
Nikaipeleka kwenye taa, nikaigeuza:
nyeupe pande zote.
Bei imekwenda, saa imekwenda,
jina la msichana aliyeniuliza
ya kula hapa au ya kubeba, limekwenda.
Mkate upo.

Agosti, shule zimefungwa, Nthenya akaja.
Amerefuka, jino moja limetoka na jingine linaota.
Akataka kuiona.
"Ulikuwa unaningoja nayo?"
Nikasema kweli: niliisahau. Yenyewe ndiyo iliyongoja.

Tukaibeba hadi Nyayo, kwenye miti ya korongo,
wale mabwana wenye upara wanaokula jiji zima,
mifupa, soli, mifuko, bila kuuliza.
Mmoja akashuka. Akaitazama kwa jicho moja,
kisha kwa jingine. Akaigonga: ko.
Akarudi nyuma hatua mbili.
Akaimeza.

Tukasimama pale, mahindi choma mkononi,
Nthenya kanishika mkono, mdomo una pilipili,
tuone kama ataweza kuruka.