N Yenye Tumbo

Nilipewa elfu kumi, brashi, na kopo la rangi nyekundu.
Mpambe hakushuka hata kwenye pikipiki.
"Maneno mawili tu," alisema. "Mhindi anajua kusoma."

Saa tisa usiku Lindi ilinuka korosho mpya na maji chumvi.
Nikasimama mbele ya duka la Nirmala Jethwa,
mshona sare, mgombea udiwani,
nikaandika kama ninavyotamka,
kama anavyotamka bibi yangu kule Ng'apa:

LUDI KWENU

Herufi kubwa. Nikaziona zimenyooka.
Nikafurahi, hata.

Ndipo mkono ukanikamata ukosi.
Vijana wake watatu, wabandika picha,
na Chande kashika nondo.
Mlango ukafunguka. Mama katoka,
utepe wa kupimia shingoni, miwani juu ya nywele,
akausoma ukuta polepole.
"Chande, nondo hiyo ya dirisha la nani? Irudishe."
"Mama, katutukana!"
"Kanitukana mimi. Irudishe. Kisha washa jiko."

Akanigeukia.
"Ausi Nampunju. Darasa la kwanza, kiuno inchi kumi na tisa.
Mama yako alilipa kwa ming'oko, mafungu manne,
moja bado ninalidai."
Sikuwa na la kujibu.
Kaptula ile niliivaa miaka mitatu
kwa kuwa aliacha pindo refu ndani,
ishuke kadiri ninavyorefuka.

"Babu yangu alichomwa moto hapa hapa," akasema,
"jivu lake likamwagwa kwenye maji haya.
Sasa nikirudi kwetu, nirudi wapi? Nizame?"

Akaitwaa brashi mkononi mwangu.
Nikafumba macho, nikijua atanipaka usoni.
Nilipofumbua
alikuwa amesimamisha mstari mmoja kati ya L na U,
na ndani ya U kavuta mshazari.
Mistari miwili. Rangi ile ile yangu.

LINDI KWENU

N imevimba kwa chini, kama iliyokula daku mara mbili.
"Kwenu nani?" akauliza Chande, nondo bado anayo.
"Kwa anayesoma."

Kwenye mkutano wao walipokezana kipaza sauti:
gogo hata lilale majini karne, haligeuki mamba.
Watu walicheka. Nami nilikuwepo, sikucheka, sikusema kitu.
Kesho yake yeye alipanda juu ya stuli ya fundi viatu.
Hakutaja ngozi ya mtu.
Alitaja mtaro wa Mikumbi, vyoo vya shule,
ushuru wa wanawake wauza uduvi.
Nyanya bovu ikampata begani.
Akaifuta kwa upande wa khanga, akaendelea na vyoo.

Alishindwa. Kura hamsini na tatu.
Usiku ule Chande alikuwa na tairi na kiberiti.
Mama akamwomba kiberiti, akakipeleka jikoni.
Tulikunywa chai bila maneno, cherehani imefunikwa,
mpaka mtu akauliza, sasa itakuwaje?
"Miaka mitano," akasema, akihesabu vifungo vya shati la mtoto wa mtu.
"Mnafikiri pindo huwa naliacha la nini?"

Mpambe alikuja kudai elfu kumi yake.
Nimemlipa kidogo kidogo, nusu imebaki.
Mama naye nimempelekea fungu la ming'oko;
akaliandika daftarini, akapiga mstari.

Asubuhi watoto wa shule hupita pale,
kidole hewani, wakisoma ukuta kwa sauti.
Wakifika kwenye N
hucheka.