Kimya cha Sekunde Tatu

Wanaouliza nani alibuni kile kimya
katikati ya "Jaketi Langu"
nawaacha waulize.

Tulirekodi Pasua, stoo ya saruji ya baba yake Kisali,
trei za mayai ukutani, madirisha tumeyaziba kwa magodoro
yenye habari zake.
Aikande gitaa. Kisali ngoma.
Ndeshi akiimba kama mtu anayedaiwa kodi ya miezi mitatu.
Mimi besi, nyuzi tatu tu,
ya nne ilikatika Pasaka.
Tulijiita Geji Ishirini na Nane
kwa heshima ya bati lililotufunika:
tukipiga roki sawasawa, nalo lilijibu.

Asubuhi ile nilipewa elfu tano ya umeme.
Nasema leo kwa mara ya kwanza:
elfu mbili ndiyo iliyofika kwenye mita.
Tatu niliila sokoni Manyema, mtori na maini,
nikafuta mdomo, nikarudi nikasema, tayari.

Ubeti wa pili, Ndeshi yuko juu kabisa ya sauti yake,
jii.
Taa, amplifaya, feni, vyote.
Kompyuta mpakato tu, kwa betri yake,
iliendelea kutusikiliza gizani.
Moja. Mbili.
Kwenye ya tatu kuna mtu anasema "He!"
Ni mimi. Nilikuwa nahesabu maini.

Halafu Kisali akaanza tena, maana ngoma haili umeme,
na Ndeshi akamfuata kwa koo tupu,
na gitaa la Aikande, bila waya, likalia
kama kijiko kwenye sufuria.
Hela ya kurudia hatukuwa nayo.
Tukautuma hivyo hivyo, redio ya Arusha.

Tukaingia Ishirini Bora namba kumi na tisa.
Wiki iliyofuata, kumi na tisa.
Kisha nane.
Kisha mtangazaji akavuta pumzi, akataja jina la bati letu,
na tukakaa kileleni Jumamosi saba
huku wenye mashati ya kung'aa wakitutazama kutoka chini.
Akakiita kile kimya "ujasiri wa kisanii".
Uwanja wa Majengo, watu elfu nne
walinyamaza pamoja, moja, mbili,
wakapiga kelele "He!"
kwa kinywa changu.

Mgao ulipokuja nilinunua umeme wa laki moja,
tarakimu ishirini, nikaziingiza kwenye mita ile ile.
Kisali akaniuliza, vipi wewe, umeokoka?
Nikamwambia, mafanikio.

Nikapanda Uru kumwona mama.
Analalamika redio yake imeharibika tangu tuwe maarufu:
kila wimbo wenu ukifika pale, inakata.
Huipiga kofi ubavuni.
Inarudi.
Huipiga hivyo kila Jumamosi, na kila Jumamosi inarudi,
na majirani anawaambia, bila mimi
wimbo wa mwanangu ungekuwa unaishia njiani.

Nilikuja kumweleza yote, mtori, mita, maini.
Lakini mtangazaji alikuwa amekwisha kuutaja,
namba moja, kwa mara ya saba,
na Ndeshi alikuwa anapanda kuelekea pale,
na mama ameacha kuchambua mboga,
ameinuka,
mkono tayari hewani.