Akiba ya Mshono

Mwezi wa nne Kashindye aliniletea shati:
"Fundi, punguza mikono, imekuwa mifuko."
Nikampima. Tepu yangu haijui adabu,
hutaja tarakimu tu:
mkono inchi kumi na moja,
msimu wa kupandikiza ulikuwa kumi na tatu.
Kiuno, hata hivyo, kimeongezeka.

Nilicheka, Mungu anisamehe.
"Mnakula nini huko Usoke,
mikono ikonde na tumbo linawiri?"

Alisema anakula. Maharage, karanga,
mgebuka ulioshuka na treni ya Kigoma;
Nyamizi hampunji hata kipande.
Ila tangu tumbaku yake ishushwe daraja
na deni la mbolea limwangukie,
analala saa nne, anaamka saa nane,
anahesabu misumari ya bati mpaka jogoo.

Tabibu wa zahanati alimweleza,
naye akanieleza, pini zikiwa mdomoni mwangu:
juu ya figo kuna tezi mbili, kama kofia za watoto.
Ukiogopa, humwaga kotisoli damuni.
Haiulizi hofu ni ya chui
au ya karani mwenye daftari.
Inataka sukari, sasa hivi,
na isipotosheka inaigeukia misuli,
inafumua protini uzi kwa uzi,
inazipeleka nyuzi kwenye ini, zikawe sukari.

Chui hupita.
Karani hurudi kila Jumatatu.

"Basi ni kama bani," nikasema.
Akanyamaza. Bani anaijua:
ili jani likauke, miombo inateketea,
na magogo yakiisha, moto ukikataa kuzimwa,
unang'oa nguzo za uzio,
halafu miguu ya kitanda,
halafu unaanza kuitazama boriti.

Akanionyesha kidole. Shoka lilimkata
wiki ya tano hii, kidonda bado kinywa wazi.
Mafundi wa kufunga nao wameitwa kwenye moto.

Nimefumua bega, nimekunja mikono kwa ndani.
Sikukata.
Sikumwambia pia; cherehani haitoi dawa.
Kuna inchi mbili za kitambaa zimelala gizani mwa mshono.
Akilipa, au wakimsamehe,
au akijifunza kulala chumba kimoja na deni,
aje na wembe wake.
Nitafumua tena,
safari hii kwa kuongeza.